Mwenye Kushika Mizani Hachezi

Mwanadamu ana uvumilivu mkubwa kuliko tunavyomdhania. Huvumilia hasara, huvumilia kushindwa, akapigwa leo na kesho akarudi uwanjani. Lakini lipo jambo moja ambalo hata mpole wa watu hulikataa, nalo ni kugundua kwamba yule aliyekabidhiwa mizani ya wote alikuwa na upande wake. Hasira ya hapo ni ya mtu aliyechezewa, wala si ya mtu aliyeshindwa. Ningependa tulitazame jambo hili kupitia mlango ambao huenda kina mama wengi wa rika langu hawajaupigia hodi: michezo ya mtandaoni, hii inayowakesha watoto wetu.

Mwanangu wa pili, kijana wa miaka 22, aliuacha mwaka huu mchezo wa simu alioucheza kwa miaka minne. Hakuuacha kwa kuwa nilimkataza, ingawa nilikuwa nimekwisha kusema hadi nikachoka. Aliuacha kwa sababu yeye na wenzake waliamini kwamba watengenezaji wake wanawapendelea wachezaji fulani mashuhuri: wakikosa wao hufungiwa, wakikosa wale husamehewa. Hakuwa na ushahidi, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza akamjibu. Nilipomwambia kwamba mchezo ni mchezo tu, hakubishana nami. Alinihadithia kisa kilichotokea yeye akiwa bado mtoto mdogo, ambacho wachezaji wengi wanakikumbuka hadi leo. Nimekifuatilia tangu siku hiyo, na nimekiona kina mafunzo kwa watu wazima zaidi kuliko kwa vijana.

Mchezo wenyewe unaitwa EVE Online. Ulianza mwezi wa Mei 2003, nao ni kazi ya kampuni ya CCP ya mjini Reykjavík, mji mkuu wa Iceland. Humo mchezaji huwa nahodha wa chombo cha angani. Michezo mingi huwagawa wachezaji katika ulimwengu mwingi mdogomdogo, bali huu uliwakusanya maelfu kwa maelfu katika ulimwengu mmoja. Karibu vyombo vyote na silaha zote hutengenezwa na wachezaji wenyewe, kwa madini waliyoyachimba wenyewe, kisha vikauzwa katika soko linaloendeshwa nao. Watu hujiunga katika miungano mikubwa, wakapigania maeneo kwa miezi na miaka. Wakati ule kila mmoja alilipa dola 15 hivi kwa mwezi ili acheze. Kwa hivyo si ajabu kwamba waliutia moyoni. Walitoa fedha zao, na waliutolea kitu cha thamani kuliko fedha, yaani umri wao.

Sasa sikiliza ajabu yake. Kanuni za mchezo huu zinaruhusu mambo ambayo mzazi hangependa mwanawe ayazoee. Mchezaji anaweza kujipenyeza katika kundi la maadui, akaaminiwa, kisha akakomba hazina yao akaenda zake, na kampuni haiingilii kati. Mwezi wa Februari 2009, mmoja wa viongozi wa muungano mkubwa ulioitwa Band of Brothers aliwageuka wenziwe, akahamia kwa maadui, na kwa mamlaka aliyokuwa nayo akauvunja muungano huo kwa ndani. Kazi ya miaka ilianguka kwa usiku mmoja. Walioumia waliumia, lakini wachezaji waliipokea habari hiyo kama sehemu ya vita vyao. Sisemi kwamba khiyana ni jambo jema, hata ikiwa ya mchezo. Nasema tu kwamba watu hawa hawakuwa laini. Walikuwa wamezoea kuibiwa na kuhadaiwa na wenzao.

Basi ni kitu gani kilichowatia uchungu? Ilikuwa ni michoro michache tu.

Katika mchezo ule, ili utengeneze chombo unahitaji mchoro wake. Michoro asilia ya vyombo vya daraja la juu ilikuwa adimu mno. Kwa miaka kadhaa iligawiwa kwa bahati nasibu, na aliyeipata alitengeneza vyombo bila kikomo na kutajirika. Mwezi wa Februari 2007 ilifichuka kwamba mfanyakazi mmoja wa kampuni, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa muungano huohuo wa Band of Brothers, alikuwa amejipatia michoro kadhaa ya aina hiyo kwa uwezo wa kazi yake, pasi na kusubiri bahati kama wengine. Alikiri. Kampuni iliiondoa michoro hiyo, lakini haikumfukuza kazi wakati ule. Mchezaji aliyeifichua siri hiyo ndiye aliyefungiwa, kwa kuvunja kanuni katika namna alivyoifichua.

Ukipima kwa mizani ya soko, hasara ilikuwa ndogo. Ulimwengu ule ulikuwa na michoro mingine mingi na utajiri mwingi. Lakini fikiri, msomaji, jinsi fikira za watu zilivyofanya kazi tangu siku hiyo. Aliyeshindwa vita mwaka uliopita alianza kujiuliza kama alishindwa kwa haki. Aliyekosa bahati nasibu alianza kujiuliza kama ilikuwapo bahati yoyote. Hata yaliyokuwa safi yalionekana machafu, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuyatenga. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na penye mizani iliyokwisha kuinamishwa mara moja, msemo huo huwa ndiyo sheria ya mji. Haikupita miezi mingi, zikazuka tuhuma nyingine dhidi ya wafanyakazi wa kampuni ileile, na safari hii watu walikuwa tayari kuamini kabla ya kusikia jibu.

Mwanangu alilieleza kwa maneno machache. “Mama,” aliniambia, “kupigwa na adui ndiyo mchezo. Kupigwa na mwenye uwanja si mchezo tena.”

Neno hilo la mchezo lilinirudisha kwetu, kwani sisi kina mama wa pwani tuna mchezo wetu. Kila mmoja hutoa fungu lake kila mwezi, na kijumbe hukusanya na kumkabidhi yule ambaye zamu yake imefika, hadi duara likamilike. Hatuandikiani mikataba wala hatuna wakili. Nguzo yetu ni uaminifu wa kijumbe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika mchezo wa wanawake 12, kila mmoja akitoa shilingi 2,000. Zamu zilipangwa kwa kura, na kura ilipigwa nyumbani kwa kijumbe. Mwezi wa nne ikabainika kwamba zamu ya pili, iliyomwangukia mkaza mwanawe, haikutoka katika kura. Kijumbe aliiweka kwa mkono wake.

Hakuna aliyepoteza hata shilingi moja. Kila mwanamke alipata 24,000 zake, na duara lilifika mwisho. Kijumbe alijitetea kwamba binti yule alikuwa na shida ya haraka, na mimi naamini alisema kweli. Lau angetuambia mapema, nina yakini tungempisha sote, maana si mara moja wala mbili tumempisha mwenye ugonjwa au msiba. Lakini hakutuambia. Duara la pili halikuanza. Mmoja wetu, bibi mtu mzima ambaye kura ilimweka wa mwisho na akasubiri mwaka mzima bila kunung’unika, alisema neno moja tu: kwamba hakusikitika kuwa wa mwisho, alisikitika kwamba sasa hajui kwa nini alikuwa wa mwisho.

Maneno ya bibi yule na ya mwanangu ni mamoja, ingawa mmoja hajapata kugusa kompyuta na mwingine hajapata kushika fungu la mchezo. Upendeleo huiba fedha kidogo, na aghalabu hauibi fedha kabisa. Kinachoibiwa ni maana ya subira ya watu. Mtu aliyesubiri, aliyejitahidi, aliyekubali kushindwa, alifanya hivyo kwa kuamini kwamba kuna mpango wa haki nyuma ya yote. Ukiiondoa imani hiyo, subira yake inageuka upumbavu machoni pake mwenyewe, na hakuna mtu anayekusamehe upesi kwa kumfanya ajione mpumbavu.

Yuko na mwingine anayedhulumiwa, ambaye hatumkumbuki: yule aliyependelewa. Katika muungano ule wa EVE walikuwamo maelfu ya watu waliopigana kwa juhudi zao na hawakujua lolote kuhusu michoro. Tangu siku hiyo kila ushindi wao ulitiwa doa. Mkaza mwana wa kijumbe naye, ambaye pengine hakuomba chochote, aliacha kuja katika hafla zetu kwa muda mrefu. Wazazi tuliangalie hili ndani ya nyumba zetu. Ndugu wakigombana wao kwa wao, jioni utawakuta wanakula sahani moja. Lakini mtoto akiona kwamba mizani ya mama imeinama, jeraha hilo hukaa miaka, na yule kipenzi hulipa deni la mapenzi ambayo hakuyakopa.

Je, imani iliyovunjika hurudi? Hapa kisa cha Iceland kina faida, kwani kampuni haikutosheka na kuomba iaminiwe tena. Iliunda kitengo cha ndani cha kuwachunguza wafanyakazi wake na mienendo yao mchezoni. Mwaka huohuo wa 2007 ilimwajiri mtaalamu wa uchumi, Dkt. Eyjólfur Guðmundsson, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Akureyri, naye akawa anachapisha taarifa za soko la mchezo ili kila mtu azisome. Na mwaka 2008 wachezaji walipiga kura wakachagua baraza la wajumbe 9, wakaalikwa Reykjavík kuketi na watengenezaji, kuuliza na kujibiwa ana kwa ana.

Baraza hilo halikufuta shaka zote. Mwaka 2011 wachezaji walikasirika tena, safari hii kwa sababu ya bei za mapambo na waraka wa ndani uliovuja. Wengi walikusanyika wakalifyatulia risasi sanamu moja mashuhuri ndani ya mchezo kama ishara ya upinzani. Kampuni iliwaita wajumbe Reykjavík kwa dharura, na mwezi wa Oktoba mkurugenzi wake, Hilmar Pétursson, aliwaomba wachezaji radhi hadharani. Safari hii palikuwa na mlango wa kugonga na mtu wa kuitikia, na mchezo unaendelea hadi sasa.

Ninachokiona ni kwamba anayetuhumiwa kwa upendeleo hukimbilia kiapo, ilhali watu hawahitaji kiapo chake. Wanahitaji daftari lifunguliwe. Kiapo kinamtaka mwenzako akuamini kwa mara nyingine, na imani ndiyo hasa aliyoishiwa nayo. Daftari lililo wazi halimtaki aamini. Linamtaka atazame, na akitazama mara nyingi akakuta sawa, imani humea yenyewe. Na mwenye uwezo wa kuinamisha mizani, hata kama hakuinamisha kamwe, anapaswa kujiweka mahali ambapo watu wanaona mikono yake. Huko si kudhalilishwa. Ni sehemu ya amana yenyewe.

Siandiki haya kwa kupenda kusimulia tu. Kina mama wa mtaani kwetu wanataka mchezo urudi, kwani ada za shule haziwasubiri, na wamenitaka niwe kijumbe. Kwa siku kadhaa sikuwapa jibu. Kisha nikawapelekea masharti. Kura itapigwa mbele ya wote, na mtoto mdogo ndiye atakayezitoa karatasi. Daftari litasomwa kwa sauti kila mwezi kabla fedha hazijakabidhiwa. Mwenye dharura atasema mbele ya wenziwe, na wenziwe ndio watakaompisha, si mimi. Na mimi mwenyewe, pamoja na dada yangu, hatutaingia katika kura: tutakuwa wa mwisho.

Dada yangu alinuna kidogo. Aliniuliza, huo undugu una faida gani ikiwa mtu wa nje atatangulia mbele yake? Nilimjibu kwamba faida ya undugu wetu ni kuwa naweza kumwomba asubiri, na nikajua kwamba atanielewa. Mtu wa nje sina haki ya kumwomba hivyo.

Wanawake 9 wamekwisha kukubali. Yule bibi aliyesubiri mwaka mzima nimemwendea mwenyewe nyumbani kwake, nikamsomea masharti yote, moja baada ya moja. Hakusema ndiyo wala hakusema la. Aliuliza tu kura itapigwa siku gani, na kama anaweza kuja kutazama. Nikamwambia aje, na kiti chake nitakiweka mbele.