Swali la Tisa

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye chenji. Mtu ananunua mbegu ya mahindi na dawa ya minyoo ya kondoo, ananipa noti mbili za elfu, na mimi nasimama pale kaunta nimezishika bila kujua kinachofuata. Ilikuwa Machi 2023. Ukitaka kuijua agroveti ya Eldoret, njoo wakati huo, mvua za kwanza zikishanyesha: foleni inatoka hadi barabarani, pikapu zimeziba njia, na kila mtu anataka mbegu leo kwa sababu jirani yake alipanda jana. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya miaka kumi na moja na hesabu zangu zilikuwa za kichwani. Sasa nilikuwa natafuta kikokotoo ili nijumlishe mia tatu na mia mbili.

Usiku nilikuwa nikiamka saa tisa, bila kengele, naangalia mabati mpaka jogoo wa jirani aanze. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Nikaenda kliniki moja ya mtaani, wakanipima malaria na taifodi. Taifodi ikapatikana; katika kliniki za namna ile taifodi haikosekani. Nikameza dawa, nikarudi, taifodi bado ipo, nikameza tena.

"Kuna deni hujaniambia?" mama watoto akaniuliza usiku mmoja.

"Hakuna."

"Kuna mwanamke?"

"Hakuna."

"Sasa ni nini, Baba?"

Hilo ndilo lililonitia aibu kuliko yote, kwamba sikuwa na sababu. Aliyefiwa ana kaburi la kuonyesha. Mwenye deni ana karatasi. Mimi nilikuwa na kazi, watoto wawili wenye afya, kodi imelipwa, na bado kila asubuhi kuvaa viatu kulinichukua nusu saa.

Sisi tuliosoma shule za msingi za Kenya tulifunzwa misemo ya kupamba insha, na mmoja wao ulikuwa kujikaza kisabuni. Wahusika wetu wote waliibiwa, wakafiwa, wakafeli mtihani, kisha wakajikaza kisabuni. Mwalimu akatupa alama. Hakuna aliyeuliza sabuni inayotumika kila siku huishia wapi. Na huu ni mji wa wakimbiaji. Hapa unapishana barabarani na mtu aliyekwisha kukimbia kilomita ishirini kabla wewe hujapiga mswaki. Kuchoka kunahitaji maelezo. Kwa hiyo nilijikaza.

Dukani kuna kabati moja la nyuma lenye kufuli, la zile dawa kali za shamba na mifugo. Kwa miaka hiyo yote nililifungua mara ishirini kwa siku bila kuliwazia lolote. Mwezi wa nne nikajikuta nalitazama hata kama hakuna mteja. Sitaeleza zaidi ya hapo. Aliyewahi kutazama kitu kwa namna hiyo anajua, na ambaye hajawahi hana haja ya picha.

Aliyenitoa pale ni mzee mmoja wa upande wa Ziwa, mteja wetu wa dawa ya kupe. Siku hiyo nilimpa chenji ya watu wawili. Akaihesabu, akanirudishia iliyozidi, halafu akaniangalia usoni.

"Kijana, wewe hulali."

"Nalala, mzee."

"Hulali. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nikadhani ni mashamba, lakini mashamba yalikuwa sawa. Nikaenda Referral, wale wa mambo ya akili. Wakanipa dawa. Mpaka leo nakunywa."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyoulizia bei ya chumvi ya ng'ombe, na nyuma yake kulikuwa na watu sita. Nilitaka sakafu inimeze kwa niaba yake. Lakini hakuna aliyecheka. Mama mmoja kwenye foleni akasema yeye pia anakunywa ya presha, kila siku, na imepanda bei. Wakaanza kulinganisha bei. Mzee akachukua dawa yake ya kupe akaondoka. Nilikaa na lile neno wiki nzima: *nakunywa*. Hakusema aliugua zamani akapona kwa neema. Alisema anakunywa, kama mtu anavyosema ana shamba.

Referral ni jina letu la Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, pale barabara ya Nandi. Nyumbani nilisema naenda kushughulikia leseni ya duka. Nilivaa kofia, na jua halikuwepo. Nilikuwa nimekulia kwenye mzaha mmoja tu kuhusu hospitali za akili, nao ni Mathari: mtoto akifanya ujinga, "huyu apelekwe Mathari", mtu akizozana na kondakta, "umetoroka Mathari?" Hospitali hiyo ya Nairobi ilianzishwa na wakoloni mwaka 1910, na mwaka huo huo ndio ilifunguliwa posta kwenye shamba nambari 64, ambayo ndiyo Eldoret yenyewe, wazee bado huuita mji huu Sisibo, yaani siksti-foo kwa ulimi wa hapa. Mji wangu na Mathari ni rika moja. Bado nilidhani matibabu ya aina hiyo yako mbali, Nairobi, nyuma ya ukuta, wakati yalikuwa nauli moja ya boda boda kutoka kaunta yangu.

Ndani hapakuwa na ukuta wa aina hiyo. Palikuwa na benchi, na watu waliovaa kama mimi, na kijana mwenye sare ya shule akiwa na babake, wote wawili wakiangalia simu moja. Muuguzi akaniita, tukakaa na fomu yenye maswali tisa. Nilikuja kujua baadaye kwamba maswali hayo huulizwa katika nchi nyingi. Katika wiki mbili zilizopita ni siku ngapi hukuwa na hamu ya jambo lolote. Ni siku ngapi ulikosa usingizi, ulichoka, chakula kilikushinda, ulijiona umefeli, akili haikutulia kwenye kazi. Nilikuwa nikisikia maisha yangu yakisomwa na mtu ambaye hakuwepo. La nane lilihusu kuzungumza au kutembea polepole mpaka wengine wakagundua, na nikakumbuka foleni ya wakulima wakigongagonga kaunta kwa sarafu.

La tisa linauliza kama umekuwa ukiwaza kwamba afadhali ungekufa, au kujidhuru.

Nikasema hapana. Upesi sana.

Sababu haikuwa aibu peke yake. Wakati huo kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilikuwa bado kinafanya kazi, kinachosema kwamba anayejaribu kujitoa uhai ametenda kosa, na kosa lenyewe linaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka miwili. Tuliachiwa na Waingereza, ambao kwao waliifuta sheria kama hiyo mwaka 1961, nasi tukabaki nayo kama koti la mgeni aliyesahau kurudi. Mimi sikuwa nimejaribu kitu. Sheria haikugusa mawazo, najua sasa. Lakini mtu asiyelala miezi miwili hasomi vifungu vya sheria. Nilichoona ni muuguzi akiwa na kalamu, na jina langu juu ya karatasi.

Daktari, dada mdogo kwangu kiumri, aliuita ugonjwa wangu sonona. Akaniona sijaelewa, akasema dipresheni, halafu akasema "yale mawazo mengi". Napenda neno sonona. Ni zuri kwenye kamusi. Ila sijawahi kusikia mtu wa Langas akisema jirani yake ana sonona. Husema ako na stresi, ama amechanganyikiwa, ama amerogwa, na kila neno kati ya hayo linakutuma kwa mtu tofauti: la kwanza kwa marafiki wa baa, la pili kwa pasta, la tatu kwa mganga. Akaniambia dawa haitafanya kazi kesho, niipe wiki kadhaa, na kwamba mwanzoni tumbo linaweza kukataa. Lilikataa. Vidonge nilivificha dukani ndani ya mkebe uliokuwa wa chumvi ya ng'ombe.

Niliporudi baada ya wiki mbili aliniuliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule. Sijui kwa nini hilo lilinisaidia, lakini lilinisaidia. Alipofika kwenye la tisa aliliuliza kwa sauti iliyouliza la usingizi. Nikamkumbuka mzee wa Ziwa na chumvi yake ya ng'ombe.

"Ndiyo," nikasema. "Siku nyingi."

Hakuruka. Hakuita mtu. Aliandika, akaweka kalamu chini, akauliza kama kuna kitu karibu nami, nyumbani au kazini, ambacho nimekuwa nikikifikiria. Nikamwambia kuhusu kabati. Akauliza ufunguo hukaa na nani. Nikatoa bunda zima mfukoni, tukalitazama pamoja pale mezani.

"Nani mwingine anaweza kuuweka?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutibiwa na kunyamaza haviwezi kwenda pamoja, angalau si kwa muuza agroveti. Nyuma ya kadi yangu akaandika 1199, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ambayo hupigwa bure, kwa zile saa ambazo kliniki imefungwa. Ufunguo ulikuwa kazi yangu mwenyewe.

Mwenye duka ni mama wa miaka sitini na kitu, mjane, aliyelijenga duka hilo kutoka kibanda. Nilingoja tufunge. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yenye sonona ndani yake, na yote yakapotea.

"Mama, huu ufunguo wa kabati la nyuma, ningeomba ukae nao wewe."

"Kuna kitu kimepotea?"

"Hapana. Ni mimi. Sitaki kukaa nao."

Alikuwa anafunga noti za siku hiyo kwa mpira. Aliendelea mpaka akamaliza bunda, nikafikiri hajasikia. Halafu akauliza, "Umeenda kuonekana?"

"Naenda Referral. Nakunywa dawa."

"Bibi yako anajua?"

"Bado."

"Utamwambia leo," akasema, na haikuwa ombi. Akauchomoa ufunguo kwenye bunda, akaufunga kwenye pindo la leso. "Wewe uza mbegu. Mteja akitaka kitu cha kule nyuma, niite."

Mama watoto alilia, kisha akakasirika, na hasira ilikuwa ya ile hadithi ya leseni kuliko ya kitu kingine. "Ungeenda kuniacha na watoto na bado niko hapa nakuuliza habari ya mwanamke." Tulikesha. Kesho yake alihamisha vidonge kutoka kwenye mkebe wa chumvi na kuviweka kabatini jikoni, karibu na majani ya chai, mahali ambapo mgeni yeyote angeviona.

Sitadanganya kwamba wote walikuwa hivyo. Katika chama chetu cha akiba mimi nilikuwa mweka hazina, na habari zilipofika huko (Eldoret sasa ni jiji, ilipewa hati yake Agosti 2024, ila kwa habari za watu bado ni kijiji), hakuna aliyenisema vibaya. Walinunua soda, wakaniombea, wakapendekeza nipumzike kidogo. Daftari likaenda kwa mwingine. Hesabu zangu wakati huo zilikuwa zimesharudi, sikukosea hata shilingi. Sijarudishiwa daftari hadi leo, na naomba nikiri kwamba bado inaniuma. Ndugu yangu mkubwa naye huniuliza kwenye simu kama "ile maneno" iliisha. Nikimwambia nakunywa dawa, anasema, "Lakini uko sawa?" Nasema niko sawa, nakunywa dawa. Tunaanza upya.

Januari 2025 nilikuwa napima chakula cha ng'ombe wa maziwa wakati redio iliposema Mahakama Kuu imekitangaza kile kifungu cha 226 kuwa kinyume na Katiba. Ulikuwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, katika kesi iliyofikishwa mahakamani na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na wenzake, wakiwemo madaktari wa akili. Habari yenyewe ilichukua labda dakika moja, kisha wakaingia kwenye michezo. Nilikuwa nimemimina kilo tatu zaidi kwenye gunia la mteja bila kuona. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Aliniangalia, akaangalia ile mizani, hakusema kitu.

Jioni alifungua pindo la leso na kuuweka ufunguo kaunta.

"Unautaka?"

Niliufikiria kwa kweli. Silitazami tena lile kabati. Nalala. Dawa zimepunguzwa mara moja, na daktari anasema tutaendelea kuangalia.

"Wacha ukae kwako kwanza, Mama."

Akaufunga tena.

Mzee wa Ziwa alikuja juzi. Amekonda kidogo, lakini mkongojo ni mpya.

"Bado unakunywa?" akaniuliza, watu wakiwa nyuma yake.

"Nakunywa, mzee. Na wewe?"

"Nakunywa. Nipe ya kupe."

"Mama!" nikaita.