Jicho Pofu na Jicho Lililofumbwa

Kila lugha ina namna yake ya kumtaja mtu aonaye akajifanya haoni. Waingereza husema "turn a blind eye", yaani kulielekezea jambo jicho lisiloona. Mkuu wa ofisi ajuaye kuwa karani wake huchelewa kwa ajili ya kumwuguza mama yake, naye asimwulize, husemwa hivyo. Askari apitaye penye magendo akatazama juu, husemwa hivyo pia. Nahau ni moja. Lakini tendo la kwanza ni huruma, na la pili ni hiana.

Aghalabu nahau hii hunasibishwa na Horatio Nelson, ijapokuwa mifano inayofanana nayo ilipata kuandikwa kabla yake. Nelson alipoteza nuru ya jicho la kulia vitani Calvi, katika kisiwa cha Corsica, mwaka 1794. Tarehe 2 Aprili, 1801, alikuwa akipigana na jeshi la Denmark mbele ya mji wa Copenhagen, wakati mkuu wake, Hyde Parker, alipotweka bendera za kuamuru mapigano yakome. Masimulizi yasema kuwa Nelson aliiweka darubini penye jicho lile bovu, akasema hakuiona ishara. Akaendelea kupigana, akashinda. Na ushindi ukaugeuza ukaidi wake kuwa kisa cha kuchekesha. Nahodha Edward Riou, aliyeiona ishara na kuitii, aliuawa merikebu yake ilipokuwa ikigeuka kuondoka. Huyo hakuachiwa nahau.

Kiswahili hakina haja ya kuazima jicho la Nelson. Mfasiri aandikaye kwamba fulani "amegeuza jicho pofu" hupotoka mara mbili. Kwanza, husema Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Pili, humtwika kipofu aibu ya mtu mwenye macho mazima. Jicho pofu halikuchagua giza. Kope hufumbwa kwa hiari, na afumbaye hufumba kwa kuwa ameona, au kwa kuwa achelea kuona.

Majaji wa Uingereza nao waliifuata kope walipopima hatia. Katika shauri la Sleep, mwaka 1861, mtu alishtakiwa kwa kuwa na shaba yenye alama ya serikali. Hukumu yake ilitenguliwa, maana haikuthibitika kuwa aliijua alama ile, wala kuwa alifumba macho kusudi asiijue. Kutotazama ni jambo moja. Kukataa kutazama ni jambo jingine.

Basi, pale Kiingereza kinapotosheka na nahau moja, Kiswahili hudai hukumu. Mkuu wa ofisi amemsitiri karani wake. Askari ameyafumbia macho magendo. Nelson alijitia hamnazo. Mfasiri hawezi kuchagua neno kabla ya kujua ni nani aliyeachwa apite, na ni nani atakayelipa gharama ya kuachwa huko. Anayesitiri udhaifu wa mnyonge hulinda heshima ya mtu. Anayefumbia macho dhuluma ya mwenye nguvu humkabidhi silaha. Kamusi yaweza kuyaweka maneno haya matatu katika mstari mmoja. Mwandishi mwaminifu hana ruhusa hiyo.