Moshi wa Udi na Gauni Jeupe

Juzi nilimpelekea bi harusi gauni lake, jeupe pe, kazi ya wiki tatu. Tukalitundika tulifukize udi. Shangazi yake akaruka: "Mwanangu wee, moshi wa buluu huo! Udi umetiwa rangi, gauni litaingia doa!" Moyo ukanipasuka, maana salio sijapewa.

Kweli, mbele ya mabuibui yaliyotundikwa moshi ulikuwa buluu. Nikakibeba chetezo hadi dirishani. Jua likiwa nyuma yake, moshi uleule ukawa wa kahawia. Nikakumbuka fizikia ya sekondari: chembe ndogo sana hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu. Buluu hurukia pembeni, wekundu hupenya mbele. Molekuli za hewa nazo hivyohivyo, ndiyo maana mbingu ni buluu. Karibu na Maghribi mwanga una safari ndefu hewani, buluu imeshatawanyika njiani, jua linatufikia jekundu. Lord Rayleigh wa Uingereza alilieleza kwa hesabu mwaka 1871. (Darasani mimi nilikuwa nachora magauni.)

Tukafukiza kwanza kipande cha kitambaa kilichobaki. Kikatoka cheupe. "Haya, fukizeni," akasema shangazi, akafungua pochi.