Milima ya Rusizi na Ramani ya Msaada

Msafiri aondokaye Kigali kuelekea pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda hupita mji wa Huye, kisha huingia katika msitu wa Nyungwe. Humo barabara huzunguka mlima mmoja baada ya mwingine, ukungu hutanda juu ya miti mirefu, na nyani hukaa kando ya lami wakiwatazama wapita njia. Atokapo msituni hupokewa na mashamba ya chai yaliyofunika miteremko kama mkeka wa kijani. Hatimaye Ziwa Kivu huonekana chini, na ng'ambo yake ni nchi ya Kongo. Hapo ndipo Rusizi, ambayo watu wengi bado huiita kwa jina lake la zamani, Cyangugu.

Mji wenyewe ni kama miji miwili. Kamembe uko juu, nao una soko, kituo cha mabasi na uwanja wa ndege. Cyangugu ya kale iko chini kabisa, ukingoni mwa maji, mahali ambapo mto Rusizi hutoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Ziwa Tanganyika. Ukivuka daraja umefika Bukavu. Wachuuzi huvuka kwenda na kurudi, na Kiswahili husikika pande zote mbili. Lugha hiyo ilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini wafanya biashara wa Kamembe na Bugarama hawakungoja sheria ili waitumie.

Hadi mwaka 2006 Cyangugu ulikuwa mkoa. Mwaka huo serikali ya Rwanda iliipanga nchi upya kuwa mikoa minne na Jiji la Kigali, ikiwa na wilaya 30. Rusizi ikawa wilaya moja ya Mkoa wa Magharibi, nayo imegawanyika katika tarafa ndogo 18 ziitwazo imirenge. Umurenge mmoja waweza kulinganishwa na kata ya Tanzania. Chini yake kuna akagari, na chini ya akagari kuna umudugudu, yaani kijiji kidogo au kitongoji. Katika nchi nzima imidugudu ni karibu 14,800.

Nchi hii ni ya kupanda na kushuka. Ziwa liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ilhali bonde la Bugarama, ambako wakulima hupanda mpunga na ambako kuna kiwanda cha saruji, liko chini ya mita 1,000 na ni mahali penye joto kuliko sehemu nyingi za Rwanda. Kisiwa cha Nkombo kimo ziwani, na wavuvi wake wana lugha yao iliyo karibu na ile ya watu wa kisiwa cha Ijwi upande wa Kongo. Mtu anaweza kukiona kilima cha pili waziwazi akakinyoshea kidole, lakini akatembea nusu ya siku kabla hajakifikia.

KIJIJI KISICHOONEKANA

Msomaji aliyezoea vijiji vya Tanzania, hasa vile vilivyopangwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, hutazamia kuona nyumba zimejipanga kando ya barabara, shule upande huu na zahanati upande ule. Katika milima ya Rusizi mambo ni tofauti. Kwa desturi ya Wanyarwanda kila kaya ilijenga katikati ya shamba lake, na migomba ikaizunguka nyumba. Serikali imejitahidi tangu katikati ya miaka ya 1990 kuwahamasisha watu wakae pamoja, lakini nyumba nyingi zingali zimetawanyika mlimani. Mgeni hawezi kusema umudugudu mmoja unakoma wapi na wa pili unaanzia wapi. Mwenyeji anajua. Atasema mpaka ni kijito fulani, au mti fulani, au nyumba ya mzee fulani.

Kwa siku za kawaida ujuzi huo wa mwenyeji unatosha. Mgonjwa akizidiwa, majirani humbeba kwa machela ya asili iitwayo ingobyi, nao wanaijua njia ya mkato ifikayo barabarani. Matatizo huanza siku ambayo msaada hauna budi kutoka mbali na wenye kuuleta ni wageni.

Siku ya namna hiyo ilikuwa Jumapili, tarehe 3 Februari 2008. Asubuhi, wakati waumini wengi walikuwa makanisani, ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9. Bukavu iliathirika, na upande wa Rwanda wilaya za Rusizi na Nyamasheke ndizo zilizoumia zaidi. Watu zaidi ya 30 walikufa Rwanda na mamia wakajeruhiwa. Katika saa kama hiyo swali la kwanza la askari, mganga au dereva wa lori la mahema halihusu wingi wa mahema. Huuliza: wapi? Kilima gani? Njia ipi hupitika?

NYAGATARE MBILI

Jibu la swali hilo huwa gumu kwa sababu majina ya mahali hurudiwa. Karibu na Kamembe kuna mahali paitwapo Nyagatare, ambapo kwa miaka mingi wakimbizi waliovuka kutoka Kongo wamepokewa kabla ya kupelekwa kambini. Watu waliokimbia mapigano ya Bukavu mwaka 2004 walipokewa huko. Lakini Nyagatare nyingine ni wilaya nzima kaskazini-mashariki, jirani na Uganda, pembe ya pili kabisa ya nchi. Kadhalika kuna Bugarama ya Rusizi na Bugarama ya Burundi. Mto huo huo huandikwa Rusizi upande mmoja na Ruzizi upande wa pili. Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1903 huandikwa Mibirizi na pia Mibilizi. Katika vitabu vya Wajerumani na Wabelgiji, Cyangugu yenyewe iliandikwa Shangugu.

Karani aliyeko ofisini mbali anayeandika neno moja tu, "Nyagatare", katika hati ya kupeleka blanketi, ameandika nusu ya anwani. Kwa hiyo desturi njema ya Rwanda ni kulitaja jina pamoja na ngazi zake: umudugudu, akagari, umurenge, akarere. Jina likitembea na ndugu zake halipotei.

RAMANI ZA ZAMANI NA ZA SASA

Si kwamba nchi hii haikuwahi kuchorwa. Mjerumani Richard Kandt aliishi karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Kivu tangu mwaka 1899, akalizunguka na kulichora. Mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikutana Brussels wakakubaliana mipaka. Mto Rusizi ukawa mpaka na kisiwa cha Ijwi kikaenda kwa Wabelgiji. Ramani hizo zilitaka kujua nani atatawala ng'ambo ipi. Hazikuuliza mama mjamzito wa Nkombo atafikaje kwa mkunga.

Ramani za kuulizia jambo hilo ni za juzi. Mwaka 2004 ilianzishwa Uingereza ramani huru ya dunia iitwayo OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuisahihisha kwa kompyuta. Tetemeko la Haiti la Januari 2010 lilionyesha faida yake: watu waliokuwa mbali sana walitazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakachora barabara na majengo ya Port-au-Prince, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Novemba 2014 vyama vya Msalaba Mwekundu vya Marekani na Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka, na kundi la Humanitarian OpenStreetMap Team walianzisha mpango wa Missing Maps, wenye nia ya kuvichora vijiji kabla ya maafa, badala ya kungoja maafa yafike.

Kazi hiyo huenda kwa hatua. Kwanza, mtu wa kujitolea hukaa mbele ya picha ya setilaiti na kuchora kila paa na kila njia anayoiona. Pili, mzoefu zaidi huikagua kazi yake. Tatu, watu wa mahali penyewe huichukua ramani, kwa simu au kwa karatasi, wakaandika majina, visima, zahanati, shule na madaraja. Hatua mbili za kwanza zaweza kufanywa na mwanafunzi wa London asiyewahi kuiona Afrika. Hatua ya tatu haimwezekani. Picha ya angani huonyesha paa la bati likimetameta kati ya migomba. Haionyeshi jina la kilima, wala haisemi kama daraja la miti lilisombwa na mvua ya Aprili.

Rwanda ililijua hilo katika kazi yake kubwa ya kuandikisha ardhi. Picha zilipigwa kwa ndege, zikachapwa katika karatasi kubwa, zikapelekwa mashambani. Vijana wa mahali hapo waliofundishwa upimaji walitembea mpakani pamoja na mwenye shamba na majirani wake. Wote wakikubaliana, mstari ulichorwa juu ya picha na shamba likapewa namba. Kati ya mwaka 2009 na 2013 viwanja zaidi ya milioni 10 viliandikishwa kwa njia hiyo. Ndege ilitoa picha. Jirani ndiye aliyetoa ukweli.

Tanzania ina mfano wake. Katika mpango wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mitaani wakichora mitaro na sehemu zinazofurika. Baadaye wajumbe wa mashina walitembea nao kuonyesha mipaka ya mashina yao, mipaka ambayo ilikuwa haijapata kuandikwa popote. Mkoani Mara, mpango wa Crowd2Map ulianza mwaka huo huo wa 2015 kuvichora vijiji, ili mtoto wa kike anayekimbia kukeketwa usiku aweze kufikiwa na kupelekwa nyumba salama. Askari polisi aliyewahi kutafuta kitongoji gizani, bila jina na bila njia, anaelewa thamani ya mstari mmoja mdogo katika ramani.

UPANGA WENYE MAKALI MAWILI

Hata hivyo, Rusizi haiwezi kuzungumza juu ya orodha na ramani kwa moyo mwepesi. Tangu miaka ya 1930, wakati wa Wabelgiji, kitambulisho cha Mnyarwanda kilitaja kabila lake. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho hicho kikawa hukumu ya kifo, na watawala wa ngazi za chini, waliojua nani anakaa wapi, wengi wao wakautumia ujuzi huo kuua. Katika Cyangugu, Watutsi waliokimbilia kanisa kuu walihamishiwa uwanja wa michezo wa Kamarampaka kwa kisingizio cha kulindwa. Huko majina yakasomwa kutoka katika orodha. Walioitwa walitolewa na kuuawa. Waliobaki walipelekwa baadaye kwenye kambi ya Nyarushishi, ambako maelfu waliokoka.

Kwa sababu hiyo, wachoraji wa ramani za msaada hawana budi kujiuliza kila mara nini kiandikwe na nini kisiandikwe. Paa liandikwe, njia iandikwe, kisima na zahanati viandikwe. Kabila la aliye chini ya paa lisiandikwe, wala jina la mgonjwa, wala mahali anapojificha aliyekimbia. Jina la kilima humfikisha mganga. Jina la mtu, likianguka katika mikono mibaya, humfikisha muuaji. Askari anayepewa ramani ya raia amekabidhiwa amana, naye huitunza kama anavyotunza silaha.

KAZI YA KILA NYUMBA

Mambo haya si ya Rusizi peke yake, wala si ya wataalamu peke yao. Familia ya askari huhamahama kutoka kituo hadi kituo, na mara nyingi mama hubaki na watoto mahali asipopajua vema. Akifika, inafaa ajifunze mapema jina kamili la kitongoji, kijiji na kata anayokaa, jina la mwenyekiti wake, na njia ipitikayo wakati wa masika. Watoto wanaokwenda shule wafundishwe kuyataja hayo bila kusita. Jioni moja inatosha kuwaketisha mezani na kuwaambia wachore njia ya kutoka nyumbani hadi zahanati, waweke kijito, daraja, mwembe mkubwa na duka. Mchoro huo ubandikwe mlangoni. Usiku ambao mtoto atashikwa na degedege na baba yuko zamu, jirani atakayekwenda kuita gari atakuwa na la kusema.

Katika Rwanda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi wananchi hutoka kufanya umuganda, kazi ya pamoja ya kufagia, kuchimba mitaro na kutengeneza njia. Kazi ikiisha, watu wa umudugudu hukaa chini wakazungumza mambo yao. Wazee wajuao kila kijito huwapo, na vijana wenye simu mkononi huwapo. Ujuzi wote unaohitajika kuichora milima ya Rusizi hukusanyika hapo bila gharama. Mzee akilitaja jina la kilima na kijana akaliandika, kesho lori la msaada halitakwenda Nyagatare isiyo yake.