Siku ya Saa 26 na Nusu

Najua nimepotea kitambo, wengine mmefikia kuuliza kama nimedisko. Hapana, bado nipo Pune, mwaka wa pili, vitabu vinanitoa jasho kama kawa. Ukweli ni kwamba tangu nirudi likizo sikuwa na hamu ya kuandika. Leo mvua imenyesha kutwa nzima na umeme wa hosteli unaenda na kurudi, nikasema ngoja niwape ile safari yetu ya Juni.

Tulikuwa watatu: Mangi wa Moshi, Chalii wa Arusha (majina ya shule wanayo wenyewe), na mimi Mpare wa Same. Mwaka wa kwanza hakuna kati yetu aliyekwenda nyumbani, nauli si mchezo. Mwaka huu tulidunduliza, tukakata tiketi za siku moja: Mumbai, Addis Ababa, KIA. Mimi nilikuwa na sababu zaidi ya likizo. Wiki moja kabla, mama alinitumia ujumbe: "Bibi yako hajisikii vizuri. Anakuulizia." Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Akiandika "anakuulizia", wewe funga mzigo.

Bibi ndiye aliyeuza ng'ombe wawili nikapata tiketi ya kwanza ya kuja huku. Mnajua utani wetu: Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Bibi alicheka siku ile, akasema yeye wa kwake anawauza kwa kesi atakayoshinda.

Basi bwana, kutoka Pune hadi Mumbai ni kama kilomita 150. Tuliondoka jioni kwa basi, tukakuta Mumbai inaogelea, maana Juni ndiyo mwanzo wa masika yao. Kule mlangoni kwa uwanja wa ndege kuna askari, hupiti bila tiketi na pasi, kwa hiyo familia zote zinaagana nje kwenye mvua. Sisi hatukuwa na wa kuagana naye. Tukaingia, na kioja kikaanza: begi la Chalii kilo 26, mwisho ni 23. Tukafungua mabegi sakafuni mbele za watu, teh teh teh! Begi langu kubwa lilikuwa na nafasi ya kitu laini tu. Nikatoa shali ya sufi niliyomnunulia bibi kwenye kibegi cha mgongoni, nikaitia kwenye begi kubwa, na viatu vya Chalii vikachukua nafasi yake mgongoni kwangu. Kumbukeni hivyo viatu.

Ndege ilikuwa iondoke saa kumi usiku. Mvua ikakataa. Tukaondoka saa kumi na mbili kasoro robo, na hapo nikaanza hesabu. Saa sita angani hadi Addis, halafu ndege ya KIA inaondoka saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mangi akaniambia, "Tulia wewe, India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Tunaruka kwenda nyuma. Leo siku yetu ina saa 26 na nusu." Nikacheka, lakini nikaiacha saa yangu ya mkononi kwenye majira ya India, nione kama ni kweli.

Tulipotua Bole, baba mmoja Mhindi aliyekaa jirani yetu akamuuliza Mhabeshi wa kiti cha mbele saa ngapi. Yule akamwonyesha saa yake: tatu na robo. Masikini, baba wa watu alitoka macho! Sisi watatu tukaangua kicheko, maana tulielewa palepale. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, siku inaanza kunapopambazuka, kwa hiyo tatu na robo ni saa tatu na robo asubuhi, basi. Nilikuwa nasikia tu habari hiyo, siku ile nikaiona kwenye mkono wa mtu. Tena wana miezi kumi na mitatu, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane. Chalii akasema kwa hesabu hiyo sisi bado tuko kidato cha pili na mtihani haujafika. Tukakimbia kama tunafukuzwa na nyuki, ukaguzi, ngazi, geti, tukaingia ndege ya pili wa mwisho kabisa.

Saa saba kasoro dakika kumi mchana tulikanyaga KIA. Kibo na mita zake 5,895 alikuwa amejifunika mawingu, hata hakutusalimia. Mabegi yakaanza kuzunguka. La Mangi likaja. La Chalii likaja. Langu halikuja. Muda wa kuunganisha ulikuwa mfupi, likabaki njiani. Nikajaza fomu, nikatoka na kibegi mgongoni. Ndani yake: madaftari, mswaki, na viatu vya Chalii.

Saa tisa tulikuwa Moshi. Kwa kina Mangi kulikuwa kumepikwa, mama yake anapiga simu kila baada ya dakika tano. Jamani, nilikuwa nimechoka, tena nilikuwa naona aibu kumwendea bibi mikono mitupu. Nikasema, "Tukale, tulale, kesho asubuhi nitapanda gari la Same. Labda na begi litakuwa limefika." Mangi hakunijibu. Akampigia mama yake: "Mama nisamehe, tunafika kwanza Same." Chalii akanyanyua begi lake, tukaingia kwenye Noah. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu.

Himo, Mwanga, Lembeni, Same. Wasiofika kwetu wanadhani mkoa wa Kilimanjaro wote ni migomba na theluji. Same mjini ni joto, vumbi na mkonge, kwa sababu mvua inayotoka baharini inaishia upande wa pili wa milima. Chalii akatazama nje akauliza, "Sasa hapa mnakula nini, mawe?" Nikamwambia asubiri.

Magari ya Mbaga yalikuwa yameshapanda. Tukampata mzee mmoja na pikapu yake ya saruji, akatupakia juu ya mifuko. Kusini ya mji tukaiacha lami, tukashika njia ya Mwembe, tukaanza kupanda. Vumbi likaisha, baridi ikaanza, miti, migomba, harufu ya moshi wa jikoni. Wale jamaa wawili na nguo zao za ndege wamekuwa weupe kwa saruji kama mizimu.

Tulifika saa tatu kasoro usiku. Mama akatupa makande, tukala bila kuongea. Bibi alikuwa amelala. Nikakaa pembeni ya kitanda chake, saa yangu ikisoma saa sita usiku ya India, akafumbua macho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekula?"

Kisha akauliza kama huko nilikokwenda kuna ng'ombe. Nikamwambia wapo, wanatembea barabarani, magari yanawapisha, hakuna wa kuwagusa. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi wale wangu wawili ningewapeleka wakasome wao." Akawataka Mangi na Chalii waingie, akauliza kwao na wazazi wao, akawashukuru kunifikisha. Tukakaa naye hadi karibu na saa sita, saa zetu sasa.

Asubuhi hakuweza kusema tena. Tukamteremsha hospitali Same. Begi lilifika siku ya tatu, mama akamfunika na ile shali wodini. Siku ya tisa alifariki. Tulimzika Mbaga, na Mangi na Chalii wakapanda tena mlima, safari hii kwa basi la watu wa msiba. Shali anayo mama.

Nimeirudia hesabu ya Mangi mara nyingi. Bibi alifumbua macho saa sita usiku ya India, kwa huku Pune siku ile ilikuwa imeshakwisha. Tuliongea ndani ya zile saa mbili na nusu za nyongeza.

Kurudi huku siku ilikuwa na saa 21 na nusu. India ilizichukua zake. Sawa tu, nilikuwa nimeshazitumia.

Haya wadau, umeme umerudi na kesho nina jaribio. Chalii anawasalimu, viatu vyake bado ninavyo mimi. Tuonane panapo majaliwa.