Ndiyo Maana Nilipima

Sikuwa mtu wa vipimo. Katika mimba zangu mbili za kwanza, moja Moshi na nyingine hapa Birmingham, nilikubali kupimwa presha, wingi wa damu na virusi vya UKIMWI. Mkunga akitaja sindromu ya Down, nilikuwa nakataa kabla hajamaliza kueleza. Niliona watu wanapima ili wachague nani azaliwe na nani asizaliwe, na katika kikundi chetu cha maombi niliwahimiza akina mama wenzangu wakatae vilevile.

Mimba ya tatu nilipima. Umri ulikuwa umeshapita miaka 40, na kadiri mama anavyosogea kiumri ndivyo uwezekano wa mtoto kuwa na sindromu ya Down unavyoongezeka. Mume wangu aliomba tujue, nikakubali kwa ajili yake. Ilianza altrasaundi ya kupima maji ya nyuma ya shingo ya mtoto pamoja na damu yangu, kisha kikafuata kipimo kingine cha damu. Hiki kimetokana na ugunduzi wa Dennis Lo na wenzake, mwaka 1997, kwamba ndani ya damu ya mjamzito huelea chembe za vinasaba za mtoto. Majibu yalisema upo uwezekano mkubwa kwamba kromosomu namba 21 ni tatu badala ya mbili, yaani sindromu ya Down. Kipimo hicho hakimalizi ubishi. Anayetaka uhakika huchomwa sindano ya kuvuta maji ya uzazi, ambayo mara chache huharibu mimba. Sindano hatukuitaka.

Kilichoniumiza ni mazungumzo ya siku ya majibu. Sijauliza swali hata moja, nikaulizwa kama napenda nipangiwe tarehe ya kuitoa mimba. Niliulizwa kwa upole, na siamini kulikuwa na nia mbaya. Lakini hakuna aliyenieleza watoto hawa wanakuaje, wanasomaje, wanaishi na nani wakishakuwa watu wazima. Niliambiwa habari za kromosomu tu.

Na bado kipimo kilekile ndicho kilichomfaa binti yangu. Karibu nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo moyo wake ulichunguzwa kwa makini angali tumboni, likaonekana tundu. Nilijifungulia mahali penye wataalamu wa moyo wa watoto, na akafanyiwa upasuaji kabla hajatimiza miezi sita. Dada yangu aliponipigia kutoka Moshi akauliza, "Sasa ulipima ya nini, na ungemzaa tu?" nilimjibu, "Ndiyo maana nilipima, dada. Tumpokee tukiwa tayari."

Siwaambii tena akina mama wakatae. Nawaambia kujua ni jambo moja na kutoa mimba ni jingine, wasikubali mtu awafungie yote mawili kwenye kifurushi kimoja. Aliyeamua tofauti nami simhukumu. Wengi wetu huku hatuna shangazi wala mama mkwe wa kushika mtoto, na kazi zetu ni za zamu za usiku.

Sheria ndiyo ninayoipinga. Hapa Uingereza ukomo wa kawaida wa kutoa mimba ni wiki 24, lakini mtoto akidhaniwa kuwa na ulemavu mzito ukomo huo huondolewa hadi siku ya kuzaliwa, na sindromu ya Down huhesabiwa humo. Heidi Crowter, mwanamke wa Coventry mwenye hali hiyo, aliipeleka serikali mahakamani. Alishindwa mwaka 2021, akakata rufaa, akashindwa tena mwaka 2022. Mwanangu anastahili wiki zilezile walizopewa kaka zake. Na mama anayepewa majibu kama yangu apewe hapohapo namba ya simu ya familia inayomlea mtoto wa aina hii, aongee nayo, kabla mtu yeyote hajafungua kalenda kutafuta tarehe.