Kuitunza Nyumba Isiyo Yangu

Ndugu msomaji, wewe unayekaa katika kota za jeshi au za polisi walijua swali hili bila ya kuelezwa: je, yafaa mtu atoe fedha zake mfukoni kuitengeneza nyumba ambayo kesho, kwa karatasi moja tu ya uhamisho, atamwachia mwingine?

Mimi ni mtumishi wa Serikali mwenye cheti cha ualimu. Nyumba niliyopewa iko kandokando ya makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, nchini Malawi, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka Lilongwe. Ina vyumba vitatu, kuta za matofali mabichi na paa la bati. Waya wa umeme haukufika kwetu, wala bomba la maji. Kiswahili nilikinyonya kwa mama yangu, mzaliwa wa Kyela, na hapa kimenifaa pengine kuliko hicho cheti. Kwani Dzaleka, iliyokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda na kugeuzwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994, leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na mazungumzo ya sokoni ni ya Kiswahili. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 tu.

Mwezi wa Septemba, 2023, nilibaini kuwa ukuta wa chumba cha watoto umelika chini, kiasi cha kupitisha mkono. Mvua za huku huanza Novemba. Ofisi inayohusika tulikwisha kuiandikia barua tatu, na jibu lilikuwa moja: tusubiri. Nyumbani tulikuwa na akiba ndogo ya kununulia betri mpya ya umeme wa jua, maana ile ya zamani ilizimika saa mbili usiku, watoto wangali na madaftari mikononi. Mama watoto hakukubali akiba hiyo iguswe. "Tukijijengea wenyewe," alisema, "hao hawatakuja kamwe." Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa hata tulipokuwa hatujengi hawakuja.

Nilimwendea jirani yetu, mzee fundi kutoka Fizi, aliyekwisha kukaa Dzaleka miaka kumi na minne. Yeye hana haki hata ya kiwanja alichojengea. Mwaka huohuo Serikali ilikuwa imeamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwa mmojawapo, warudi Dzaleka. Mdogo wake akarudi na mke na watoto watano, wakajibana wote katika vyumba viwili. Hata hivyo nilimkuta akikandika upya ukuta wa mbele, kama afanyavyo kila kiangazi. Alikuja, akachutama, akaupapasa ukuta wetu. "Mwalimu, ukuta huu haukuliwa na mvua ya juu. Umeliwa na maji yanayodondoka kutoka batini, yakapiga ardhi na kuruka."

Basi tulishika kazi siku sita. Kwanza tuliliegemeza paa kwa nguzo za mkaratusi. Kisha alitoa matofali mabovu ya chini kipande kwa kipande, kila mara kiasi cha urefu wa mkono mmoja na si zaidi, akaweka ya kuchoma kwa saruji. Mimi nilitaka ukuta mzima upigwe lipu ya saruji upendeze, lakini alikataa katakata: saruji haishikani na udongo mbichi, huweka ufa, maji huingia nyuma yake yasipate pa kutokea, na ukuta huoza ndani kwa ndani huku nje waonekana mzuri. Tulikandika kwa udongo, mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, mara mbili, mkando wa kwanza ukikauka kabisa kabla ya wa pili. Chini tulipanga mawe yenye mteremko, na mbele yake mtaro.

Akiba ikaisha. Mwezi wa Novemba kwacha ilishushwa thamani, dola moja ikapanda kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700 hivi, na nilipopita katika maduka ya Lilongwe bei ya betri ilikuwa si ya kutazamwa. Mama watoto alinyamaza siku mbili. Na ukimya wake, ndugu msomaji, si mdogo.

Hapo ndipo tulipoitazama vema ile betri ya zamani. Kijana mmoja atengenezaye simu sokoni Dzaleka alituonyesha mambo ambayo hayakugharimu mengi. Bamba la jua lilikuwa limeelekea mashariki, na adhuhuri hufunikwa na kivuli cha mwembe. Tukalihamisha na kulielekeza kaskazini, kama ipasavyo kwetu sisi tulio kusini ya ikweta, tukaliinamisha kidogo ili mvua ilioshe. Waya mwembamba mrefu tuliuondoa, tukatia mnene mfupi, kwani umeme wa volti 12 hupotea upesi njiani. Betri iliongezwa maji maalumu yaliyosafishwa, si ya kisima, ikatolewa chumbani kwa sababu hutoa hewa iwezayo kulipuka. Simu za majirani tulikoma kuzichaji usiku. Sasa taa hufika saa tatu u nusu.

Mvua za Januari zilipiga usiku kucha, nasi tuliamka mara mbili kuushika ukuta kwa viganja. Ulikuwa mkavu.

Barua ya uhamisho haijafika. Mwaka huu nakusudia kufunga mlizamu na mapipa: bati letu lina mita za mraba zipatazo 40, kwa hiyo mvua ya milimita 10 tu yaweza kutupa karibu lita 400, na kumpunguzia mama watoto foleni ya pampu. Mzee fundi amekwisha kuniandalia mbao. Naye anangoja barua, ya kupelekwa nchi ya mbali; wiki iliyopita alikuwa akichanganya udongo wa kukandika ukuta wake wa nyuma.